Kabla Hujashika Msasa: kwa fundi mpya wa magarimoshi ya mvuke

Kila kijana anayejiunga nasi huuliza swali lilelile siku ya kwanza: "Tunaanza kusugua wapi?" Namwelewa. Mbele yake kuna injini iliyokaa juani na mvuani miaka arobaini, kutu imeibandua ngozi, ndege wamejenga ndani ya dohani, na mikono yake inawasha kwa kazi. Mimi humpa ufagio laini, kurunzi, daftari na penseli. Kwa siku tatu haruhusiwi kushika kitu kingine. Wengi hununa.

Najua uchungu wake, maana nami nilikuwa na mikono kama hiyo, ila mimi sikupata wa kunizuia. Karakana niliyoanzia, ambayo sitaitaja, ilipewa behewa la abiria la mbao na wiki sita za kulifanya "lionekane kama zamani". Tuliliingia kwa mashine za msasa. Siku ya pili mbao zilikuwa nyeupe kama meza iliyotoka kwa seremala, na tulijipongeza kwa soda. Ndipo akapita mzee mstaafu wa reli, akalizunguka behewa mara mbili bila kusema neno, kisha akauliza, "Maandishi ya chini ya dirisha mmeyanakili?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua kuwa kulikuwa na maandishi. Yalikuwa chini ya rangi za baadaye, na wakati huo yalikuwa vumbi ambalo tulikuwa tumelifagia wenyewe asubuhi. Tulipaka rangi tuliyoipenda, tukaandika herufi tulizozikisia, na hadi leo watu hupiga picha mbele ya lile behewa wakidhani wanaona historia.

Kwa hiyo nikikuambia uweke msasa chini, si kwamba nakuonea.

Kitu cha kwanza utakachoamua ni mwaka. Wageni wengi husema tunairudisha injini "kama ilivyokuwa", nami huwauliza: ilivyokuwa lini? Chukua reli yetu ya mita moja, hii nyembamba ambayo sasa watu huiita ya zamani tangu SGR yenye upana wa milimita 1,435 ije. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na njia ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Ilikuwa Reli ya Uganda. Mwaka 1926 ikawa ya Kenya na Uganda. Mwaka 1948 ikaunganishwa na ile ya Tanganyika, zikazaliwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa zikawa shirika lake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, kila nchi ikachukua vyake. Injini moja inaweza kuwa imepita mikononi mwa mashirika matatu, na kila shirika liliibadilishia namba, herufi na pengine rangi. Injini za kundi la EB3 zilizokuja miaka ya 1920, kwa mfano, chini ya Reli za Afrika Mashariki ziligeuka kundi la 24. Ukiandika namba ya zama moja na herufi za zama nyingine, umetengeneza injini ambayo haijapata kutembea katika reli yoyote duniani.

Mfano mzuri uko Makumbusho ya Reli Nairobi. Kati ya injini 34 za kundi la 59, zile Garratt kubwa zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zimebaki mbili tu, zote ziko pale: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Kila moja ina uzito wa zaidi ya tani 250, boila limelala katikati na mitambo miwili ya magurudumu, mmoja mbele na mmoja nyuma. Hakuna injini ya mvuke ya geji ya mita moja iliyozipita kwa ukubwa. Zilipotoka kiwandani dohani zake zilikuwa za mviringo. Baadaye, miaka ya 1960, zikafungwa kifaa cha kutolea moshi cha mhandisi wa Austria, Giesl, ambacho hufanya dohani iwe nyembamba na ndefu kama kopo lililokanyagwa. Mtu anayezijua huangalia dohani kwanza, kabla hata ya namba. Ukitaka injini ya mwaka 1956 halafu ukaacha dohani bapa juu yake, mtu huyo atacheka, na atakuwa na haki.

Majina nayo yana siasa yake. Kundi la 59 lilipewa majina ya milima, na milima haikumkera mtu. Gelai uko kule karibu na Ziwa Natron, Shengena ni kilele cha Upare. Lakini kundi la 60, lililokuja mwaka 1953 na 1954, lilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Injini 6006 iliyoko makumbusho iliitwa Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika. Baadaye mabamba ya magavana yaling'olewa. Sasa wewe fundi, utalirudisha bamba au utaacha matundu ya bolti? Nimesikia vijana wakibishana kwa hasira juu ya hilo, kana kwamba kurudisha bamba ni kumrudisha gavana mwenyewe. Jibu langu ni la kifundi tu. Ukichagua mwaka ambao bamba lilikuwepo, bamba linarudi, pamoja na kila kitu kingine cha mwaka huo. Ukichagua miaka ya baadaye, acha matundu yaonekane, usiyazibe kwa pati na kupaka juu. Matundu yale ni ushahidi kwamba kuna siku mtu alipanda na spana akaling'oa jina.

Sasa rangi, maana hapo ndipo wengi huharibu.

Usimwamini yeyote anayekuambia, "Zilikuwa nyekundu." Injini za Afrika Mashariki zinakumbukwa kwa rangi ya damu ya mzee, lakini damu ya mzee ya duka la Industrial Area si lazima iwe ile. Tafuta mahali ambapo jua na mafundi hawakufika: nyuma ya bamba la namba, chini ya mabano ya vishikio, ndani ya kijiti kinachobana kioo cha dirisha. Chukua msasa laini wa maji, usugue kwa duara, eneo lisizidi sarafu ya shilingi ishirini, ukizama zaidi katikati mpaka uone chuma au mbao. Utapata pete za rangi kama za mti uliokatwa. Zihesabu kutoka ndani kuelekea nje.

Hapa mgeni hukosea kwa namna moja ya kawaida sana. Akiona pete kumi na mbili anasema behewa lilipakwa mara kumi na mbili. Hapana. Rangi ya msingi, ya kati, ya juu na vanishi, hizo zote pamoja ni vazi moja. Kinachotenganisha vazi na vazi ni kistari chembamba cheusi cha masizi na uchafu wa safari, nacho hukioni bila lenzi. Pete kumi na mbili zinaweza kuwa mavazi matatu tu. Kisha kumbuka kwamba vanishi ikizeeka huwa njano: nyeupe iliyo chini yake utaiona maziwa mgando, na bluu utaiona kijani. Nyekundu iliyopigwa na jua hupauka. Linganisha rangi nje, kivulini, saa nne au saa tano asubuhi, usilinganishe chini ya taa za karakana. Na usiandike "hudhurungi" kwenye daftari, kwa sababu hudhurungi yako na yangu ni ndugu wa baba mmoja lakini si pacha. Andika namba ya kitabu cha rangi, Munsell au kingine mnachotumia, na hifadhi kipande halisi ndani ya bahasha mbali na mwanga.

Tahadhari moja ambayo haihusu historia ila inahusu mapafu yako: rangi za zamani zina madini ya risasi. Usizisugue kavu. Maji, barakoa ya kweli, na unawe kabla ya kula mandazi.

Picha za zamani ni marafiki wazuri lakini hudanganya kwa sura ya ukweli. Filamu na sahani za picha za awali hazikuiona rangi kama macho yetu. Ziliona bluu vizuri mno na nyekundu karibu haziioni kabisa, kwa hiyo bluu hutokea nyeupe na nyekundu hutokea nyeusi. Ukiona picha ya miaka ya 1900 yenye injini nyeusi tii, huna ushahidi wa weusi. Inaweza kuwa nyeusi, inaweza kuwa nyekundu. Tena kuna zile picha safi za kiwandani ambazo kila mtu huzipenda kwa sababu kila ribiti inaonekana. Viwanda vya Uingereza vilikuwa na desturi ya kuipaka injini mpya rangi ya kijivu kisichong'aa kwa ajili ya mpiga picha tu, kisha wakaipaka rangi ya mteja. Picha hiyo itakuonyesha umbo la kila bomba. Juu ya rangi haina la kukuambia.

Michoro ya kiwandani ina tatizo jingine. Hazina kubwa ya michoro na kumbukumbu za Beyer, Peacock iko Manchester, katika jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda, na anayeweza kupata nakala asikose. Lakini mchoro unaonyesha kilichoagizwa. Hauonyeshi kilichofanywa na karakana ya Nairobi miaka kumi baadaye, pale vipuri vilipochelewa meli na fundi akatumia alichokuwa nacho. Kiraka cha fundi huyo nacho ni historia, na mara nyingi ni historia yetu zaidi kuliko mchoro. Kabla hujakiondoa kwa sababu "hakiko kwenye mchoro", kipige picha na uulize kwa nini kiliwekwa.

Na hapo ndipo wazee wanapoingia. Wazee wa reli wanapungua kila mwaka, na wengi tunawahoji vibaya. Tunawaketisha kwenye kiti, tunawapa chai, tunawauliza tarehe. Mzee mmoja aliyekuwa fayamani, yaani mtunza moto wa injini, alituambia kwa uhakika wote kwamba dohani ilibadilishwa mwaka wa uhuru. Kadi ya matengenezo ilisema vingine, tena kwa tofauti ya miaka. Tukakaribia kumdharau, Mungu atusamehe. Kisha siku nyingine tukamsaidia kupanda ndani ya kebini. Akaketi upande wake, akafumba macho, na mkono wake wa kushoto ukanyooka wenyewe ukashika hewa. Akafumbua macho, akashangaa. "Ilikuwa hapa," akasema. Tulipokwangua rangi mahali pale tukakuta matundu mawili yaliyozibwa kwa plagi. Kulikuwa na vali pale, na hakuna picha wala mchoro wetu hata mmoja uliotuambia. Tangu siku hiyo nikihoji mzee namwuliza mkono wake kwanza, mwaka nautafuta kwenye makaratasi.

Ni yeye pia aliyetuokolea kopo la bati lililopinda pamoja na sanduku dogo lililojaa mchanga, ambavyo kijana wetu alikuwa ameshavitupa kwenye toroli la takataka. Injini zilizochoma mafuta mazito zilijaza masizi ndani ya mirija ya boila. Fayamani alichota mchanga, akaurusha katika tanuri wakati injini inavuta kwa nguvu, na mvuto wa moshi ukaupitisha mchanga mirijani ukayasugua masizi. Kutoka nje unaona wingu jeusi la ghafla. Lile kopo lilikuwa chombo cha kazi sawa na spana.

Vitu vidogo ndivyo vinavyokuumbua. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ilienea kuanzia miaka ya 1930, kwa hiyo ukiifunga kwenye behewa la mwaka 1910 ni kama kumvalisha babu saa ya kidijitali kwenye picha ya harusi yake. Tumia skrubu ya mfuo mmoja. Bolti za injini za Uingereza za wakati ule zina nyuzi za Whitworth, kipimo cha zamani cha Waingereza, zilizokatwa kwa pembe ya digrii 55, wakati bolti za milimita tunazonunua leo zina digrii 60. Usilazimishe. Itaingia mizunguko miwili ikukubalie, kisha itakula nyuzi za kipande cha asili ambacho hakina mbadala. Vanishi za kisasa zinazong'aa kama kioo nazo ni kosa. Behewa lililosafiri kati ya Voi na Makindu halikung'aa hivyo hata wiki moja. Na ribiti: kama umechomelea bati la tangi kwa sababu hamna mtu wa kupiga ribiti za moto, unaweza kuweka vichwa vya ribiti vya bandia ili sura ibaki, lakini andika. Bila maandishi, fundi wa kesho ataamini zile ribiti zinashikilia kitu.

Kuna mahali ambapo usahihi lazima ukae pembeni, na sitaki mtu abishane nami. Boila za zama zile zilifunikwa kwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake huua mapafu. Ukikuta kitambaa cheupe chenye nyuzinyuzi chini ya bati la boila, simamisha kazi, toka, ita watu wenye vifaa. Tunaweka sufi ya mawe badala yake, bati linarudi juu, na hakuna macho yatakayoona tofauti. Boila lenyewe, kama injini itawashwa, linafuata sheria za leo na mkaguzi wa leo. Vipimo vya unene wa chuma vikikataa, vimekataa. Nimeona mtu mzima akilia kwa sababu bati la tanuri lenye muhuri wa kiwanda lilibidi likatwe. Tulilikata, tukalihifadhi stoo likiwa na lebo, na injini ikabaki bila moto mpaka bati jipya lilipopatikana.

Mabehewa yana somo lake, nalo hunikera kidogo. Watu wakichangia fedha, wanachangia daraja la kwanza: vitanda, taa za shaba, sahani za mgahawani. Sawa, ni mazuri. Lakini enzi ya ukoloni abiria walipangwa kwa rangi zao, Wazungu daraja la kwanza, Wahindi la pili, Waafrika la tatu, na watu wengi kupita wote walikuwa la tatu. Bibi yako hakulala kwenye shuka za reli. Alikaa kwenye benchi la mbao na kuku miguuni. Mabehewa yale yalitumika mpaka yakaisha, yakageuzwa vibanda vya wafanyakazi na stoo za saruji, na hakuna aliyeona haja ya kuweka moja kando. Kwa hiyo ukikutana na mwili wa behewa la daraja la tatu shambani kwa mtu, hata likiwa banda la mbuzi, usilipite. Pima upana wa benchi. Pima nafasi kati ya benchi na benchi kwa kutafuta matundu ya skrubu sakafuni. Tafuta majina yaliyochongwa kwa kisu. Na mkilijenga upya, msiongeze mito kwa ajili ya watalii. Ule ugumu ndio wenyewe.

Vivyo hivyo kuna behewa ambalo kazi yako ni kutolifanyia chochote zaidi ya kulikinga na mchwa na mvua. Behewa la ukaguzi nambari 12 liko Nairobi. Ni lile ambalo mwezi Juni 1900, pale stesheni ya Kima, simba aliingia akamuua afisa wa polisi Charles Ryall akamtoa kupitia dirishani. Ukilifanya lipendeze umelifuta. Kila mbao mpya unayotia pale ni mbao ambayo haikuwepo usiku ule.

Lakini wakati mwingine kosa lenyewe hugeuka historia, nami sina jibu rahisi kwa hilo. Kule Colorado, Marekani, kuna reli nyembamba ya futi tatu kati ya Durango na Silverton, na mabehewa yake ya njano yanajulikana dunia nzima. Wageni hudhani ni njano ya miaka ya 1880. Rangi ile ililetwa karibu na mwaka 1950 kwa ajili ya kupigia filamu, ikabaki. Sasa ina zaidi ya miaka sabini, muda mrefu kuliko rangi nyingine zilizoitangulia. Ungeifuta? Mimi nisingeifuta, ila ningeandika ukutani ilikotoka.

Sasa hilo daftari nililokupa. Upande wa kushoto andika ulichokiona, upande wa kulia unachodhani. Usichanganye kurasa hizo hata siku moja, maana baada ya miezi sita hutakumbuka kipi ulikiona na kipi ulikikisia, na dhana iliyoandikwa kwa wino huanza kuitwa ukweli. Kila sehemu unayoing'oa ipigwe picha ikiwa mahali pake, ifungwe kibati chenye namba, na bolti zake zikae kwenye mfuko wake, si ndoo moja ya bolti zote. Kipande kipya unachotengeneza kigonge mwaka kwa muhuri wa chuma, upande wa ndani ambao abiria hauoni. Yule kijana wa kopo la mchanga ndiye mwenye sanduku la mihuri siku hizi. Mwone kabla ya saa kumi, akishafunga stoo haifungui tena.